Mafua ya Fundi Mabati

Nakuru, Jumapili, 15 Juni 2025

Weldon,

Mama alisema jana jioni, saa moja na dakika kumi na tisa, kwamba Kiptum ana mafua. Alikuwa kwenye kiti chake jikoni Njoro, redio juu ya kabati, na Senge Cheptanui, shangazi yetu, ni shahidi wangu. Halafu akanyanyuka, akazima redio, akasema hatasikiliza tena Ushirika wa Anga.

Salamu basi. Mama mwili hajambo. Senge anakaa naye tangu Machi na goti lake ni lile lile. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mahindi yamefika magotini. Mimi bado niko kwenye gazeti lile lile na nyumba ile ile, Section 58.

Naandika kwa sababu umezuia namba yangu, na kwa sababu sheria ya marehemu Baba haijafutwa: anayegombana na ndugu yake aandike barua, salamu kwanza, habari za nyumbani pili, kesi mwisho.

Kesi ni hii. Mengi unayajua. Nayaandika tusije tukabishana kesho juu ya mambo tuliyokubaliana leo.

Ushirika wa Anga ni mchezo wako wa redio. Ulianza 2021: ushirika wa maziwa wa Njoro unanunua chombo cha anga mnadani ukidhani ni tangi la maziwa, na wanachama wanapiga kura kupeleka maziwa Mirihi. Naftaly Kinyanjui ni Mwenyekiti, ambaye hawezi kukwepa kimondo kabla ajenda haijapitishwa. Mdogo wetu Kiptum alikuwa Fundi Mabati, anayefunga injini kwa waya wa ua na kusema kila kipindi, "Imeshika. Lakini usiguse." Njoro nzima ilisema hivyo. Pasta alisema hivyo akifungisha ndoa.

Kiptum alifariki tarehe 16 Novemba 2023, akiwa na miaka ishirini na sita, dari ya pango la zamani la mawe meupe ilipomwangukia kule Kariandusi. Msimu wa nne ulipoanza Machi hii, ulimwambia Mama kwamba Fundi Mabati atabaki, kwa sauti zilizokatwa kutoka kanda za zamani. Mama alikubali. Alisema ni kama picha ukutani.

Jana Fundi Mabati alisema, "Imeshika. Lakini usiguse," na ukuta ukamjibu mara tatu. Pua ilikuwa imeziba. Kanda zote za zamani zilirekodiwa kabla ya Septemba 2023. Nimezisikiliza zote, vipindi thelathini na vinne, na hakuna yenye mafua. Kiptum alishikwa na mafua wiki ile ya Novemba. Mama ndiye aliyempikia supu.

Rekoda aliyoingia nayo pangoni haikupatikana. Hayo ni maneno yako, kwa polisi na kwangu.

Mama ametuma ujumbe, neno kwa neno: "Mwambie zamani alikuwa anachekesha. Siku hizi ananiogopesha na hasemi kwa nini."

Swali langu ni moja. Sauti hiyo umeitoa wapi?

Dada yako,
Jepkemei


Nakuru, Jumapili, 6 Julai 2025

Weldon,

Mama anakusalimu. Senge anakusalimu. Ndama amepewa jina la Sabina, kama ng'ombe wa chombo chako. Ni wazo la Senge, mimi sikuulizwa.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako ya tarehe 28 Juni. Niliifungua, nikaona inaanza na "Unajua shida yako," nikaikunja. Sijasoma neno la nne. Barua isiyo na salamu hurudi ilikotoka. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja ulimwandikia Kiptum matusi kuhusu baiskeli, Baba akakurudishia mara nne. Mara ya tano Kiptum aliisoma kwa sauti mezani, na hata wewe ulicheka.

Safari hii sitarajii kicheko. Nataka salamu, halafu jibu.

Jepkemei


Mai Mahiu, Jumamosi, 19 Julai 2025

Dada Jepkemei,

Salamu. Hiyo ni salamu, ihesabu. Msalimie Mama. Msalimie Senge na goti lake. Msalimie ndama mwenye jina la ng'ombe wangu.

Habari za nyumbani: sina nyumba, nina chumba nyuma ya duka la kuziba pancha. Nimesimamisha magodoro ukutani ili nirekodi. Malori yakianza kupanda mlima nanyamaza, yakipita naendelea. Jamleck, jirani yangu wa matairi, huniuliza kila Jumatatu, "Boss, wale wasee wa rocket bado wamepotea tu?" Namwambia bado. Anasema, "Si wawashe location." Ndiye msikilizaji pekee anayeongea nami bila kunihoji.

Sasa kesi, maana unapenda kesi.

Mama anasema namuogopesha. Watu wa redio wanasema hivyo pia. Mkuu wa vipindi aliniuliza mbele ya wenzake, "Weldon, vichekesho vilienda wapi?" kana kwamba nimeviuza. Nyote mnataka Sabina aelee tena na maziwa yawe mipira hewani na Katibu aikimbize na sufuria. Niliandika hayo nikiwa na miaka ishirini na saba. Niliamini kitu kikifungwa kwa waya kitashika.

Dada, fikiria hadithi yenyewe. Watu wa kijiji wako kwenye chombo walichouziwa kwa makosa, maelfu ya maili kutoka ardhini, na injini imefungwa kwa waya wa ua. Hiyo inaishaje? Ilikuwa hadithi ya kutisha tangu kipindi cha kwanza. Mlicheka sana hamkusikia. Sijabadilisha hata skrubu moja ya chombo kile. Nimeondoa kicheko tu, na sasa mnasikia chuma kikilia.

Kuhusu sauti: ni kanda ya zamani. Mwangwi niliuweka kwa kompyuta, na pua vile vile. Ni kazi ya dakika mbili. Nilitaka asikike mbali. Mwambie Mama hivyo na mniache nimalize. Vimebaki vipindi vitano.

Weldon


Nakuru, Jumatatu, 11 Agosti 2025

Weldon,

Salamu zimefika na zimehesabiwa. Mama aliuliza kama chumba chako kina dirisha. Hukuandika. Senge amefanyiwa picha ya goti Nakuru; daktari anataka kulipasua Januari, Senge anataka daktari mwingine. Mahindi yametoa mbelewele.

Umeniandikia maoni mengi kuhusu vicheko, nami nikaenda kuvihesabu. Msimu wa kwanza, ukumbi wa kanisa Njoro, wanafunzi wa chuo na wafugaji kwenye viti vya plastiki: wastani wa vicheko arobaini na kimoja kwa dakika ishirini na nane. Msimu wa pili, thelathini na nane. Msimu wa tatu, kumi na saba, na kipindi kile Sabina anakufa, hakuna. Mnasikika mkikohoa na mtu mmoja akitoka nje. Msimu wa nne hauna ukumbi, kwa hiyo nimehesabu nilivyovisikia jikoni kwa Mama, vipindi vitatu vya Machi hadi Mei. Vicheko viwili, vyote vya Senge, na kimoja alisema kilikuwa chai.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Mtu akifiwa ana haki ya kuacha kuchekesha. Ninachokupinga ni maelezo yako. Unasema umeondoa kicheko tu. Si kweli. Umeongeza kitu, na juzi Jumamosi nilikisikia.

Juzi Mwenyekiti alimtuma Fundi Mabati ndani ya pango la kimondo cheupe akalete mwangwi, ili kengele ya chombo ipate sauti. Fundi hajibu. Tunasikia anapiga chafya. Mwenyekiti anasema, "Nenda peke yako, mimi nina kikao." Naftaly aliyasema maneno hayo kama mtu anayesomewa mashtaka.

Gazeti letu la tarehe 18 Novemba 2023, ukurasa wa sita, liliandika: "Kwa mujibu wa kakake, marehemu alikwenda pangoni kwa hiari yake bila kumwarifu mtu." Jina lililo juu ya habari hiyo ni langu. Kaka ni wewe. Siku ile ulikuwa kwenye kikao na watu wa redio, hapa Nakuru.

Fundi wa studio mmoja, ambaye sitamtaja, nilimsikilizisha ile sauti ya Juni. Alisema mwangwi hutengenezwa. Kuhusu pua alisema, "Hiyo ni pua ya mtu, madam."

Sasa nikuambie kitu ambacho hukijui, maana huji nyumbani. Asubuhi ile Mama alimwambia Kiptum alale, asitoke na mafua yale. Akaenda kukamua, aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Tangu hapo Mama ana hasira na Kiptum. Anasema, "Alinidharau, akaenda kucheza mapangoni kama mtoto." Kaburi liko hatua themanini kutoka mlango wa jikoni. Akienda kuteka maji anazungukia upande wa zizi ili asilipite. Mwaka na miezi tisa. Na siku ya mazishi pasta, akitegemea habari niliyoandika mimi, aliwaambia vijana wote wawasikilize wazazi wao.

Maswali yamekuwa mawili. Sauti umeitoa wapi? Na nani alimtuma Kiptum?

Jepkemei


Nakuru, Jumatano, 24 Septemba 2025

Weldon,

Wote wazima. Ndama ameachishwa. Mama ameanza kuvuna viazi.

Hujajibu kwa wiki sita. Jumamosi tarehe 13 ulirusha kipindi kingine, kwa hiyo mikono yako ni mizima.

Nilikwenda dukani kwa Naftaly, pale anapouza misumari na rangi. Aliponiona alianza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika.

"Dada, mimi ni Mwenyekiti wa redio tu," alisema. "Hata kwa chama cha mtaa hawajanichagua."

Nikamuuliza kama ana karatasi ya sauti ya wiki ile. Unajua ninachosema. Hamkuwahi kutumia sauti za kununua. Mlango wa chombo ni mlango wa ghala la nafaka, injini ni mashine ya kukata majani, na kila wiki uliandika kwa mkono karatasi ya nani akarekodi nini na wapi, kila mtu akapewa nakala. Naftaly anazitunza zote kwenye boksi la viatu. Aliniambia, "Hii nilikuwa nangojea mtu aje aulize. Nilidhani itakuwa polisi."

Nakala iko mbele yangu. Mwandiko ni wako. "Alhamisi 16 Nov. Mwangwi wa pango, Kariandusi. Kiptum, saa nne. Peke yake, sisi wengine kikao. Bila kukosa."

Kisha nilikwenda Kariandusi kwa mzee Mwaura, ambaye shamba lake linapakana na pango. Yeye na wewe ndio mlifika kwanza. Alisema: "Yule kijana mrefu aliokota kitu kidogo cheusi juu ya jiwe pale mdomoni mwa pango, kina taa nyekundu, akatia mfukoni. Nikadhani ni simu ya marehemu." Nilimsomea maneno yake na akayakubali.

Sikuulizi tena maswali, kwa sababu majibu ninayo. Nakuambia ninachokiona. Tangu Machi umekuwa ukikiri kwenye redio, kidogo kidogo, kipindi kimoja kwa mwezi. Umekiri kwa madereva wa malori. Umekiri kwa wanafunzi wa Njoro na kwa Jamleck wa matairi. Umekiri kwa kila mtu mwenye redio isipokuwa mwanamke mmoja, na yeye ndiye pekee anayekudai. Kisha unaniandikia kuhusu sanaa, na chuma kinacholia.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini kwa miaka ishirini na moja, na kazini nimeona watu wengi wakidanganya.

Jepkemei


Mai Mahiu, Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Dada,

Salamu kwa Mama. Chumba kina dirisha moja. Linaangalia ukuta.

Jamleck amefunga duka wiki hii, mke wake Wachuka amejifungua mtoto wa kike. Nilikwenda kuwaona. Hizo ndizo habari.

Ndiyo. Nilimtuma. Alinipigia saa mbili asubuhi, akasema, "Bro, mafua yamenimaliza, Mama amenikataza, twende kesho." Nikamwambia kesho redio watakuwa wameshaamua kuhusu msimu wa nne, na kwamba kama hawezi kushika rekoda dakika kumi aniambie nitafute fundi mwingine. Nilisema hivyo. Akacheka. Akasema, "Sawa Mwenyekiti." Mara ya kwanza kuniita hivyo.

Rekoda ninayo. Imerekodi dakika hamsini na tatu. Dakika sita za kwanza ni yeye. Anajaribu ukuta, anapiga chafya, ukuta unampigia chafya mara tatu, anaucheka, anasema maneno ya Fundi. Zilizobaki si yeye. Mwishoni ni mimi na mzee Mwaura; nilitoka kikaoni Kiptum alipoacha kupokea simu. Nimezisikiliza zote mara moja. Nilichokata ni sekunde kumi na tano tu.

Sasa na mimi nina nakala mbele yangu, usidhani ni wewe tu unayetunza karatasi. Gazeti lenu, Jumamosi tarehe 28 Oktoba 2023, kurasa za katikati, na jina lako juu yake. "Ukipaza sauti mara moja, ukuta mweupe unakujibu mara tatu, kama ndugu watatu wanaobishana." Kiptum alilikata kwa kisu cha mkate, akaniletea. Alisema, "Dada ametupatia sauti ya Mirihi." Wiki tatu baadaye alikuwa amekufa humo ndani. Uliingia, dada. Ulipita wapi? Mimi nilipofika siku ile niliona seng'enge na kibao. Kwenye makala yako hakuna seng'enge. Hakuna kibao. Kuna ndugu watatu wanaobishana.

Na jambo la mwisho. Novemba ile nilikuambia uongo, wewe, ambaye humwamini hata karani wa mahakama mpaka akuoneshe muhuri. Hukuniuliza mara ya pili. Mtu mwingine yeyote ungemuuliza mara ya pili. Kwa nini mimi hukuniuliza?

Weldon


Nakuru, Jumapili, 9 Novemba 2025

Weldon,

Mama hajambo. Senge amekubali daktari wa kwanza. Mtoto wa Jamleck apewe salamu zetu.

Najibu kwa mpangilio wako.

Seng'enge ilikuwepo, nyuzi tatu. Niliinua wa kati nikapita chini yake. Kibao kilikuwepo, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI, USIINGIE. Kwenye daftari langu kimo, ukurasa wa kumi na mbili. Kwenye makala hakimo. Mhariri hakukikata. Mimi ndiye niliyekiacha, kwa sababu kiliharibu aya. Makala ilikuwa ya furaha, ya kupeleka watoto likizo, na kibao kile hakikuwa na mahali.

Sikukuuliza mara ya pili kwa sababu jibu la kwanza lilinifaa. Kama alikwenda kwa hiari yake bila kumwarifu mtu, basi hakuna aliyemwonesha njia. Nilijua ni makala yangu. Nilijua siku ile ile, nikiandika. Niliandika "kwa mujibu wa kakake" na nikashukuru kwamba kuna kaka.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Hayapunguzi yako hata kidogo. Sitaki uyasome ukapumua.

Jana nilisikiliza kipindi chako peke yangu. Mwenyekiti anazungumza na chombo kitupu kwa dakika ishirini na nane, hakuna hata kikohozi. Nimeelewa unachokifanya, na bado nina hasira, kwa sababu unakifanya vizuri. Watu watakupongeza. Kiptum atabaki mtoto mkaidi aliyemdharau mamake.

Nimemwona mhariri. Sahihisho litachapishwa ukurasa wa sita, mahali pale pale, kwa maneno haya: "Habari yetu ya Novemba 18, 2023 ilisema kwamba Kiptum alikwenda pangoni kwa hiari yake bila kumwarifu mtu. Si kweli. Alikuwa mgonjwa na alitumwa kazini na kakake. Makala yetu ya Oktoba 28 mwaka huo ilisifu pango hilo bila kutaja kibao cha kukataza watu kuingia, ambacho mwandishi alikiona. Mwandishi wa habari hizo mbili ni dadake marehemu." Mhariri aliniuliza kama sentensi ya mwisho ni lazima. Nilimwambia bila hiyo sitatia sahihi.

Litatoka siku utakayorusha kipindi cha mwisho, si kabla wala baada. Mama sijamwambia. Tuliomdanganya ni wawili.

Jepkemei


Mai Mahiu, Alhamisi, 20 Novemba 2025

Dada,

Salamu kwa wote. Jumapili ilikuwa tarehe 16. Sikurekodi kitu.

Kipindi cha mwisho ni Jumamosi tarehe 13 Desemba, saa moja jioni. Nimeandika miisho minne na kuichana. Wa tano ni huu: Mwenyekiti anaitisha kikao. Wanachama hawapo, anasoma ajenda mwenyewe. Ajenda ya kwanza, nani alimtuma Fundi. Anajijibu, na inaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa kura moja, hakuna aliyepinga. Ajenda ya pili, mengineyo. Hapo nataka kuweka zile dakika za mwanzo, chafya, ukuta unaopiga chafya, na yeye anavyoucheka. Kiptum akicheka. Baada ya hapo chombo kinageuka kurudi Njoro. Nimemsomea Jamleck. Kwenye kura moja alicheka, kisha akaniangalia akaacha.

Ombi langu ni moja. Acha Mama asikie redioni kwanza. Nimeandika vizuri kuliko ninavyoweza kusema. Nitakuja Jumapili tarehe 14, atakuwa ameshajua, na atasema atakalosema.

Weldon


Nakuru, Jumatatu, 1 Desemba 2025

Weldon,

Salamu kutoka Njoro. Viazi vimekwisha kuvunwa. Goti la Senge limepangiwa tarehe 20 Januari.

Hapana.

Mwisho wako ni mzuri, na ninasema hivyo kama mtu aliyesikiliza vipindi vyote na kuvihesabu. Urushe ulivyo. Lakini Mama hatasomewa kosa lako na Naftaly Kinyanjui kwenye kabati la jikoni. Umekuwa ukijificha nyuma ya Mwenyekiti kwa vipindi tisa. Mimi nilijificha nyuma yako kwa miaka miwili. Zamu hiyo imekwisha.

Jana nilikuwa naye. Nilimwambia kuna jambo kuhusu Kiptum na kwamba wewe na mimi tutaleta wote wawili. Hakuuliza ni lipi. Alimaliza kuosha sufuria, akasema, "Nani alimtuma?" Nikachukua sufuria nikaanza kuikausha. Akasema, "Kwa hiyo alitumwa." Akakaa. Baadaye akaniambia, "Mwambie Weldon aje na kile kitu cha taa nyekundu." Nikamwambia humo Kiptum anasikika akicheka. Akasema, "Nitasikiliza mpaka pale alipocheka, halafu mtazima. Na nyinyi mtakaa hapa hapa, hakuna kutoka nje."

Kwa hiyo Mama alikuwa na lake pia. Mzee Mwaura alimwambia siku ya mazishi kwamba ulikiokota pangoni.

Nilipokuwa nikiondoka alinisindikiza hadi langoni. Alipita upande wa zizi, kama kawaida.

Ijumaa tarehe 12 ni sikukuu, watu wote watakuwa nyumbani na Senge amekubali kwenda kanisani mapema. Nitakuja na daftari langu, ukurasa wa kumi na mbili, na nakala ya sahihisho. Wewe njoo na karatasi ya sauti, yenye mwandiko wako, si nakala ya Naftaly. Utaanza wewe, kwa sababu ulianza wewe. Salamu kwanza.

Njoro, jikoni kwa Mama, Ijumaa tarehe 12 Desemba, saa nne asubuhi. Chaji rekoda.

Jepkemei